Ukuu Bila Makuu: Kuvisoma Upya Vitabu vya Upare

Kuna sifa moja ambayo Waswahili huitoa kwa nadra kwa walio hai na kwa wingi kwa wafu. Nenda kwenye msiba wowote wa mtu mzito, awe waziri mstaafu, askofu au tajiri mwenye mabasi, utaisikia kwa kila msemaji: marehemu hakuwa na makuu. Alikula nasi. Alisalimia watoto. Aliketi kwenye benchi kama sisi. Waombolezaji wanaitikia kwa kichwa, na hakuna anayeona ajabu kwamba tunamsifu mkuu kwa kukosa makuu.

Mimi naona ajabu, tena ajabu nzuri. Wanaosoma Kiingereza wana neno moja linalobeba hamu yote ya mtu kutaka kupanda, iwe njema au mbaya. Kiswahili hakikukubali kulitia jambo hilo kwenye kapu moja. Tuna tamaa, ambayo imeshahukumiwa kabla ya kufikishwa mahakamani. Tuna uchu, ambao ni tamaa yenye njaa. Tuna malengo, neno la semina, na ndoto, neno la wahamasishaji wanaouza vitabu stendi. Halafu tuna jozi hii ya ukuu na makuu, watoto wa shina moja wasiofanana tabia. Ukuu ni nafasi au hadhi ambayo mtu anaweza kuishika na kuitumikia. Makuu ni ukuu ulioingia mwilini, ukabadili mwendo, sauti, na jicho analomtazamia mwenzake.

Swali linalonisumbua ni hili: ukuu hugeuka makuu wakati gani? Kwa mwanafalsafa hilo ni swali la tabia. Kwa Mkristo linagusa wokovu wenyewe, maana wanafunzi wa Yesu walilibishania njiani, wakiwa naye. Nimejaribu kulitafutia jibu kwenye rafu ambayo kwa kawaida hatuifungui tunapotafuta mambo ya roho, yaani vitabu vya historia na mila za Upare. Nafundisha somo la historia katika sekondari moja wilayani Same, na kwa miaka kadhaa vitabu hivi vimekuwa mezani kwangu. Viwili ni vya Kijerumani, vitatu ni vya Kiingereza. Nadhani vikisomwa pamoja vinatuambia jambo ambalo hakuna hata kimoja kinachokusudia kulisema.

Nianze na vile vya Kijerumani. Mwaka 1916 mmisionari wa Kilutheri Jakob Dannholz, aliyefanya kazi Mbaga, alichapisha Leipzig kitabu kuhusu Wapare. Mwaka 1922 Ernst Kotz, mmisionari wa Kiadventista aliyewahi kuandika sarufi ya Chasu iliyochapwa Berlin mwaka 1909, alichapisha cha kwake Hamburg. Watu wawili wa makanisa mawili ambayo hayakukubaliana hata siku ya kusali. Lakini tazama walivyoviita vitabu vyao. Cha Dannholz, tukikitia Kiswahili, ni *Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu*. Cha Kotz ni *Katika Kifungo cha Hofu*. Maneno ya mwanzo ya majina hayo mawili katika Kijerumani ni yale yale. Wote wawili walipanda milima hii wakaona kitu kimoja: mtu aliyefungwa.

Sitaki kuwadharau. Waliandika kwa bidii, na mambo mengi ya mila zetu tungekuwa hatunayo leo kama wasingekaa chini na wazee kuyaandika. Lakini jina la kitabu ni mlango, na mlango ukiwa mfupi kila anayeingia huinama. Mtu aliyeelezwa kwa hofu peke yake hana anachokitaka. Anakwepa tu. Anakwepa mizimu, laana na jirani. Msomaji wa vitabu hivi anaweza kumaliza kurasa zote asijue kwamba watu hao walikuwa na mipango, kwamba walishindana, na kwamba wapo waliotaka kutawala wenzao na wapo waliotaka kuwaangusha hao watawala.

Tena kuna kitu wamisionari hawakukiandika, nacho ni hamu yao wenyewe. Walutheri wa Leipzig walikuwa wameanza kazi upande wa kaskazini mwaka 1900. Waadventista walifika Giti, upande wa kusini, mwaka 1903, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kanisa lao katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kuacha kwenu na kwenda kuzika ujana wako kwenye mlima usiojua jina lake ni hamu kubwa sana, kubwa kuliko ya mtu anayetaka cheo. Mpaka leo alama yake ipo. Ukisimama Same mjini ukamuuliza mtu ametoka kijiji gani, mara nyingi unaweza kukisia kama anasali Jumamosi au Jumapili. Hayo ni matunda ya watu waliotaka jambo kwa nguvu. Wao waliita hamu yao wito, na hamu ya Mpare hawakuipa jina.

Aliyeipa jina alikuwa Mpare. Mwaka 1969 Isaria Kimambo, mmoja wa wanahistoria wa kizazi cha kwanza cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha historia ya siasa ya Wapare tangu karibu mwaka 1500 hadi 1900. Aliijenga juu ya masimulizi ya wazee, wakati ambapo wasomi wengi duniani walikuwa bado wanabisha kama masimulizi ni ushahidi. Kwa mtu aliyetoka kusoma vitabu vya vifungo, kitabu hiki ni kama kufungua dirisha. Humo Wapare wanataka vitu. Wanajenga dola, wanapindua, wanapanga.

Kisa kikuu ni cha Ugweno. Watawala wa zamani walikuwa Washana, ukoo wa wafua chuma. Mwenye kufua jembe na mkuki alikuwa na ukuu ambao hakuhitaji kuutangaza. Kisha, kwa hesabu ya vizazi katika karne ya 16, ukoo wa Wasuya ukiongozwa na Angovi ukawapindua. Mwanawe, Mranga, ndiye aliyeupa utawala mpya umbo: akaliweka jando la vijana chini ya mkono wa mtawala, akapanga mabaraza na wasaidizi wa kuwakilisha utawala sehemu mbalimbali za nchi. Kimambo anamsimulia Mranga kama mjenzi, na hana kosa. Mwaka 1969 nchi yetu ilikuwa na miaka minane ya uhuru. Ilihitaji kusikia kwamba Mwafrika alijua kujenga serikali kabla Mjerumani hajaja. Kitabu kilitimiza kazi hiyo vizuri.

Lakini nikikisoma leo kama Mkristo kuna ukurasa ninaoutafuta nisiuone. Nataka kujua Angovi alikuwa mtu wa namna gani asubuhi ya siku ya pili. Je, aliweza kumtazama Mshana machoni? Je, mwanawe alijenga kwa sababu alikuwa na maono, au kwa sababu aliyepindua hulala na jicho moja wazi, akahitaji kila kijana wa nchi apitie mkononi mwake? Mwanahistoria hawezi kuulizwa maswali haya, maana vyanzo vyake havina majibu. Masimulizi hutunzwa na waliobaki kwenye kiti, na aliyeko kwenye kiti huikumbuka hamu ya babu yake kama hekima. Ndiyo maana msomaji lazima ayaulize yeye.

Mimi huyauliza kila Januari ninapopokea orodha ya wanafunzi wapya. Humo wamo akina Msuya na akina Mshana. Jina la kwanza nchi nzima inalijua, hasa kwa sababu ya Cleopa Msuya wa Usangi, aliyekuwa waziri mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995. La pili utalikuta kwa madaktari, wahandisi na wahadhiri kila mahali. Watoto hawa wanaketi dawati moja, wanagawana kalamu, na hawajui kwamba kuna aliyempindua babu wa mwenzake. Ukuu wa karne tano umekuwa herufi kwenye daftari la mahudhurio. Kama Angovi angeliona daftari hilo, sijui kama angeona alichopigania.

Kimambo mwenyewe hakubaki pale. Mwaka 1991 alichapisha kitabu kingine, kuhusu jinsi uchumi wa dunia ulivyoingia Upare kati ya 1860 na 1960, na humo sauti imebadilika. Yule kijana aliyefurahia wajenzi wa dola amekuwa mtu mzima anayehesabu gharama. Misafara ya pwani inapita bonde la Pangani kutafuta pembe na watumwa. Bunduki zinaingia. Ghafla mtu mdogo aliyekuwa chini ya mtawala anagundua kwamba akijuana na wafanyabiashara anaweza kuwa mkubwa peke yake. Tawala za zamani zinakatika vipande vipande, na mahali pengine jirani anamkamata jirani ili ampeleke sokoni.

Kwangu hizi ndizo kurasa zenye maana zaidi kiroho katika vitabu vyote vitano, ingawa Mungu hatajwi kwa mahubiri. Maana zinaonyesha hamu ikifanya kazi ndani ya mtu hatua kwa hatua. Hakuna aliyeamka siku moja akasema, nataka kuwa muuza watu. Alitaka nguo nzuri, kisha bunduki ya kujilinda, kisha wafuasi, kisha kitu cha kuwapa wafuasi. Ilipofika siku ya kumtazama jirani kama bei, jicho lilikuwa limeshazoea. Hapo ndipo ukuu unapogeuka makuu: pale unapoanza kumkadiria mwenzako.

Sasa twende kwenye Biblia, maana Wakristo wa Same wanaposikia habari ya kutaka makuu hawafikirii karne ya 19, wanafikiria mahubiri. Na hapa nina lawama ndogo kwa tafsiri tuliyokua nayo, ile ya *Union Version* ya mwaka 1952. Paulo anatumia mara tatu kitenzi cha Kigiriki ambacho mzizi wake ni kupenda heshima. Anakitumia akiwaandikia Warumi, anaposema hamu yake ni kuhubiri mahali ambapo wengine hawajafika. Anakitumia kwa Wakorintho, katika waraka wa pili, anaposema hamu yake ni kumpendeza Bwana. Na anakitumia kwa Wathesalonike, mahali pa kushangaza kuliko pote, anapowataka wawe na hamu ya kuishi kwa utulivu na kufanya kazi kwa mikono yao. Mara zote tatu Kiswahili chetu kimeandika kujitahidi.

Kujitahidi ni neno zuri, lakini ni neno la jasho. Ni neno la ripoti ya shule: amejitahidi, aongeze bidii. Heshima imepotea njiani. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuona kwamba Paulo amechukua neno lililonukia siasa za miji ya Kigiriki, neno la matajiri waliogharamia sherehe na majengo ili majina yao yachongwe kwenye mawe, akaligeuza. Ni kana kwamba angesema: mnataka makuu? Vizuri, takeni makuu ya kutulia. Mtu aliyesikia hivyo angecheka kwanza, kisha angenyamaza. Sisi tumepewa jasho bila mshangao.

Upande wa pili tafsiri imekuwa kali mahali pake. Katika Wafilipi, Paulo anapokataza kufanya jambo kwa hamu ya kujikweza, Kiswahili kinasema kushindana, na hapo nawapongeza watafsiri. Walijua kwamba katika jamii zetu ugonjwa haukai ndani ya mtu mmoja anayejipenda kwenye kioo. Unakaa kati ya watu wawili. Nyumba yake ina vigae, yangu ina bati. Mwanawe anasoma nje, wangu yuko chuo cha kati. Hatutaki sana kupanda. Tunataka yule asitupite.

Halafu kuna Baruku. Kila anayetaka kuwa mwandishi angepaswa kumjua. Alikuwa katibu wa nabii Yeremia, aliandika maneno ya mwingine mpaka mkono ukachoka, na katika sura ya 45, fupi kuliko nyingine katika kitabu hicho, Mungu anamuuliza kama anajitafutia mambo makuu, na kumwambia asiyatafute. Wahubiri huishia hapo. Lakini sura haijaishia hapo. Anaahidiwa kwamba, huku nchi nzima ikianguka, atapewa uhai wake kila atakapokwenda. Hakuambiwa aache kuandika. Aliambiwa nini asikidai kwa sababu ya kuandika. Ni tofauti kubwa, na wengi wetu tungeokoka na majonzi mengi kama tungefundishwa tofauti hiyo.

Naye Yesu, Yakobo na Yohana walipomwomba viti vya kuume na kushoto (Mathayo anasema mama yao ndiye aliyewaombea, jambo ambalo wazazi wengi wa Upare wataliona la kawaida kabisa), hakuwafukuza. Hakusema kutaka kuwa mkuu ni dhambi. Alisema anayetaka kuwa mkuu awe mtumishi. Aliacha hamu ibaki, akabadilisha njia. Na kumi waliobaki walikasirika, nadhani kwa sababu wamewahiwa.

Sasa, makanisa yetu yanafundisha nini kuhusu jambo hili? Nitasema nilichokiona bila kutaja kanisa, maana kinaonekana pote. Desemba, magari yenye namba za Dar es Salaam yanapanda mlima. Ibada ya shukrani inatangazwa: kijana wetu amepandishwa cheo. Mhubiri anahubiri Yusufu, ambaye ndugu zake walimchukia kwa ndoto zake. Wote tunajua nani ni Yusufu wa siku hiyo. Tunajua pia ndugu ni akina nani, ni sisi tulioketi nyuma. Baada ya ibada unafuata mnada nje ya kanisa. Mkungu wa ndizi alioleta mama mjane kama sadaka unanyanyuliwa, na mgeni anaununua kwa bei mara kumi ya sokoni. Watu wanapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi, kwa kuwa fedha ile itaezeka paa. Lakini nilimwona yule mama. Alikuja na zawadi, na mbele ya macho yake ikageuka kuwa ngazi ya mtu mwingine.

Wiki mbili baadaye, wageni wameshashuka, mhubiri yule yule alikemea vijana wa kijiji kwa kutoridhika na walichonacho. Hapo nikaelewa mfumo. Hamu ya aliyefanikiwa huitwa baraka. Hamu ya ambaye hajafanikiwa huitwa tamaa. Shangazi yangu, mzee wa kanisa kwa miaka mingi, nilipomweleza hivyo alijibu akiendelea kuchambua maharage, "Mwanangu, mbona hilo tunalijua. Mwenye nacho haonywi, anashukuriwa."

Na neno letu zuri, kutokuwa na makuu, nalo limeumizwa kwa namna hiyo. Msichana anayeuliza maswali mengi darasani huambiwa ana makuu. Mtoto wa maskini anayetaka kusomea udaktari huambiwa ajue kwao. Sifa iliyotengenezwa kumshusha aliye juu inatumika kumzuia aliye chini asiinuke. Mhakiki wa lugha hana budi kulisema hilo, la sivyo atakuwa analisifu jembe huku linatumika kupigia watu.

Ndiyo maana kitabu ninachokirudia kuliko vyote ni kile chembamba cha mwaka 1971, ambamo Kimambo alisimulia mgomo wa Mbiru. Wenye mamlaka walikuwa wameleta kodi mpya Upare, iliyopanda kufuatana na mali ya mtu, wakaipa jina la ushuru wa zamani uliotolewa kwa watawala. Kwenye karatasi ilionekana ya haki: mwenye kingi atoe kingi. Lakini ili kumtoza mtu kwa mali yake ni lazima kwanza mtu fulani aje, ayatazame mashamba yake na mifugo yake, aseme thamani yake ni kiasi gani. Watu wakakataa kukadiriwa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi makao makuu ya wilaya, Same, wakakaa, wakasema hawaondoki. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Mashauri. Baadaye, huko Usangi, wanawake nao waliandamana. Mwishowe serikali iliiondoa kodi ile.

Wasomaji wa historia wamekisoma kitabu hiki kama mlango wa kuelekea uhuru, na ni sahihi. Mimi nakisoma pia kama kitabu kuhusu hamu isiyotafuta kiti. Watu wale walitaka jambo kubwa kuliko Angovi. Kupindua ukoo mmoja ni kazi. Kuishinda serikali ya mkoloni bila bunduki ni kazi zaidi. Lakini angalia umbo la hamu yao. Ilitakwa hadharani, mchana, kwenye uwanja ambapo kila mtu anamwona mwenzake. Gharama yake waliilipa wenyewe, kwa siku zao na kwa mashamba yaliyowangoja. Na walipopata walichotaka, hakuna aliyebaki Same akiwa mfalme. Walipanda mlima, wakarudi kulima.

Tena lile walilolipinga ndilo lile hasa linaloharibu tabia. Ndani ya kila mmoja wetu anayetaka kupanda kuna mkadiriaji wa kodi. Anaingia kwenye harusi akiwa na daftari. Huyu ana thamani gani kwangu? Yule ananipita kwa kiasi gani? Ukimwachia ofisi, baada ya miaka michache hutaona tena watu, utaona viwango. Mtu anaweza kuwa mlokole, hanywi, hazini, anatoa fungu la kumi, na mkadiriaji huyo akawa ndiye mzee wa kanisa moyoni mwake.

Jambo hili kwangu si la vitabu tu. Mwaka huu wazee wa kwetu wamenijia na ombi. Kijiji chetu, kama vijiji vingi vya Upare, kinanyweshea mashamba kwa ndiva, bwawa la jamii ambalo hujazwa maji ya mlima usiku na kufunguliwa asubuhi, kila mfereji kwa zamu yake. Ndiva hukarabatiwa kwa msaragambo, watu wote na majembe yao. Wanataka niwe mwenyekiti wa kamati ya maji. "Mwalimu," alisema mmoja wao, "wewe unajua kuandika, na hujaoa ukoo wowote hapa." Nilicheka, lakini nilielewa. Anayeshika zamu ya maji kipindi cha kiangazi ana ukuu halisi kuliko diwani. Kwa saa moja anaweza kumfanya mtu wa mfereji wa chini avune au asivune.

Na ninaitaka nafasi hiyo. Sitajifanya siitaki, maana unyenyekevu wa kujifanya ni makuu yaliyovaa kandambili. Nataka orodha ya zamu ibandikwe mahali pa wazi. Nataka mjane wa mfereji wa mwisho apate maji kabla jua halijawa kali. Nataka pia, tuseme kweli, wazee waseme mwalimu aliiweza. Hamu hizi zimelala kitanda kimoja na sijui jinsi ya kuziamsha moja bila nyingine. Ninachokijua ni kwamba Yesu hakungoja Yakobo na Yohana wasafishwe hamu yao ndipo awape kazi. Aliwauliza kama wanaweza kukinywea kikombe. Swali lilikuwa la gharama, na la nani atakayeilipa.

Hapo ndipo naona vitabu hivi vitano vinakutana. Dannholz na Kotz waliona hofu tu, wakakosa kumwona mtu anayetaka. Kimambo wa 1969 alimwona anayetaka na kujenga, asiwe na njia ya kutuonyesha moyo wake. Kimambo wa 1991 alituonyesha hamu ambayo bili yake ilipelekwa kwa jirani. Kile chembamba cha Mbiru kinatuonyesha hamu ambayo mwenye nayo aliilipia mwenyewe, tena mbele ya watu. Sijaona kipimo bora kuliko hicho katika mahubiri niliyosikia. Usimuulize mtu anataka kufika juu kiasi gani, wala usimkataze kutaka. Muulize nani analipa, na kama angekubali hesabu hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wanaoilipa.

Ningependa siku moja vitabu hivi vyote vipatikane kwa Kiswahili, ili mtoto wa Mshana na wa Msuya wavisome kwenye dawati lao bila mkalimani. Ningependa pia mtafsiri wa kesho wa Biblia akifika kwa Wathesalonike asimame kidogo kabla ya kuandika kujitahidi. Ajaribu kutafuta neno lenye heshima ndani yake, ambalo kijana mwenye ndoto akilisoma atashtuka kuona kwamba Paulo hamkatazi kuwa mkuu. Anamwonyesha ukuu ambao majirani zake wanaweza kuishi nao.